Pesa za Mafuta na Farasi wa Kwenye Kikombe

Mpendwa Bi Afifa,

Nakuomba unishike mkono kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi shemeji yangu Mikhail anashuka kutoka kijijini Amyun na madebe yetu ya mafuta ya zeituni ya mwaka mzima, na pesa za kumlipa sina, na aliyezimaliza si mwizi wala si daktari, ni mimi mwenyewe, mke wa mtu na mama wa mtu, mwanamke ambaye hapa mtaani Furn esh-Shubbak anajulikana ngazi kwa ngazi kwa kuichukia kamari. Ukichapisha barua hii badilisha majina, tafadhali, na kama unaweza badilisha na mafuta pia, sema ni sabuni.

Nianzie mbali kidogo ili unielewe. Mume wangu, Baba Nadim, ni fundi wa saa, mtu mpole asiye na makuu, ila ana ugonjwa mmoja tu, nao ni farasi. Kila Jumapili akishatoka kanisani anakula upesiupesi, anavua saa yake na pete yake anaziacha juu ya redio, anatia noti moja kwenye mfuko wa shati, ananunua mbegu za maboga za kukaanga pale kwa muuza karanga, anakwenda uwanja wa mbio kwa miguu. Jioni anarudi mfuko mtupu, au siku mojamoja anarudi na boksi la keki, na hapo ndipo mateso yangu yanapoanza, kwa sababu hawezi kula mpaka anisimulie, chupa ya chumvi ndiye farasi wa kijivu, ya pilipili ndiye mwekundu, kijiko ndicho uzio, na kwenye kona ya mwisho jinsi wa kijivu alivyochomoka, na supu yangu inapoa. Miaka ishirini namwambia, "Baba Nadim, hao farasi watakuja kuila nyumba hii na sisi tumo ndani!" Naye anacheka tu, "Wanakula shayiri, mama, nyumba hawaiwezi." Lakini nisimsingizie: mapato yake yote ya dukani ananikabidhi mimi, hata hahesabu, anasema, "Weka wewe. Mkono wako mgumu kuliko wangu."

Mimi kwa upande wangu sichezi kamari. Nacheza karata tu siku ya Jumatano, na hilo ni jambo la ujirani. Tuko wanne: mimi, Mama Fadlo wa ghorofa ya pili ambaye karata zinampenda mpaka inachukiza, Bi Wadad aliyekuwa mwalimu, na Mama Jamil wa chini ambaye anasoma vikombe vya kahawa. Zamani tulikuwa tunacheza kwa punje za dengu, kisha Mama Fadlo akasema dengu hazina utamu, tukaanza sarafu, kisha noti ndogo, na hakuna aliyeona tatizo kwa sababu pesa zilikuwa zikizunguka palepale mezani, leo kwangu, kesho kwako.

Sasa, Bi Afifa, Jumatano moja tumemaliza kucheza, nimekunywa kahawa yangu, nimegeuza kikombe kwenye kisahani kama kawaida, Mama Jamil akakiinua, akakitazama, akanyamaza. Mama Jamil akinyamaza ujue kuna mtu amekufa au kuna mtu anaolewa.

"Farasi," akasema.

"Farasi gani?"

"Kamili! Kichwa juu, mkia unapepea. Na hapa pembeni yake, tazama, nne. Ile si nne, Bi Wadad? Wewe si ulikuwa mwalimu?"

Bi Wadad akavaa miwani, akatazama mashapo yale ya kahawa, akasema ni nne safi, angempa mwanafunzi alama zote. Mama Fadlo akapiga meza, "Basi Jumapili kuna farasi namba nne na sisi tumekaa hapa kama magunia! Mama Nadim, wewe ndiye umeonyeshwa, wewe ndiye uende." Nikawaambia, "Mimi? Mimi niliyemtukana mume wangu miaka yote hii, nionekane kule?" Wakasema jifunike. Tukachanga, Mama Jamil akatoa hata hela ya gesi, na Jumapili mimi nikamwambia mume wangu kwamba nakwenda kumwangalia mama mkubwa Adla kule Ashrafiyya, mguu unamsumbua, nikajifunga kilemba, nikavaa miwani ya jua ya mwanangu Nadim iliyo kubwa kuliko uso wangu, nikaenda kwenye dirisha la tiketi nikamwekea dau namba nne. Akashinda! Bi Afifa, nilirudi miguu haigusi chini, wanawake wakapiga vigelegele kwenye ngazi mpaka jirani wa juu akatoka kuuliza kuna nini, Mama Fadlo akamjibu kwamba mguu wa mama mkubwa Adla umepona.

Tangu siku hiyo kila kikombe katika jengo letu kikawa zizi. Hata Bi Wadad, ambaye kikombe chake tangu tujuane hakijatoa kitu zaidi ya nyoka na barua, alipata farasi wawili na mkokoteni. Jumapili ya pili nikapewa namba mbili na namba saba, na mimi nikaona pesa zetu za mchango ni ndogo mno kwa bahati kubwa kama hii, na kabatini zimelala pesa za mafuta hazifanyi kazi yoyote, nikasema naziazima kwa mchana mmoja tu, nusu yake, zitarudi na watoto wao. Hazikurudi. Mama Jamil akatazama tena kikombe kile akaniambia, "Kikombe hakikukosea. Wewe ulikinywea upande wa mshikio." Nikamwamini! Jumapili ya tatu nikanywea upande wa pili, nikaenda na zilizobaki, na mbio za mwanzo nikapoteza, na za katikati nikapoteza, na za mwisho nikaweka karibu zote kwa mpigo, nimejibanza nyuma ya bwana mmoja mnene, na pale mbele yangu, kama hapa na mlango, amesimama Baba Nadim anatafuna mbegu zake.

Roho ilitaka kunitoka. Kuna rafiki yake mmoja alikuwa anamvuta mkono, "Baba Nadim, chukua kwangu, utanipa kesho, hii ndiyo mbio ya mwisho, utarudishaje ulichopoteza?" Na mume wangu akajipapasa mfuko wa shati, akacheka, "Mfuko umefunga duka, ndugu yangu. Kunja pesa zako tuangalie farasi." Akaegemea uzio na kuangalia, raha mustarehe, na mimi nyuma yake nimeshika tiketi jasho linanitoka, na nitakwambia ukweli, nilimchukia. Nilimchukia kwa ile raha yake. Farasi wangu namba tano nadhani mpaka leo bado hajafika.

Jioni nikarudi nyumbani nimejiandaa na maneno ya mguu wa mama mkubwa. Baba Nadim hakuniuliza sana. Alinikazia macho kidogo, akaniwekea mezani mfuko wa mbegu za kukaanga, akasema, "Mpelekee mama mkubwa Adla Jumapili ijayo. Mtu akisimama muda mrefu anahitaji kitu cha kutafuna." Nikamwambia mama mkubwa hasimami, mguu unamuuma. Akasema, "Haya." Usiku huo hakunisimulia mbio hata moja, chumvi ikabaki chumvi, na nilikula supu ya moto peke yangu na haikunipendeza.

Jumatano nikasema nitarudisha kwenye karata, kule angalau kila kitu kiko mkononi mwangu, nikapandisha dau mimi mwenyewe, wenzangu wakashangaa, na hata karata ya jokari ilinikimbia, mabaki yote ya pesa za mafuta yakahamia kwa Mama Fadlo. Sasa kila mtu ana dawa yake. Bi Wadad anasema nimwambie shemeji asubiri mpaka usiku wa mwaka mpya, kila nyumba itakuwa inacheza kujaribu bahati ya mwaka, nitazirudisha zote kabla kengele za kanisa hazijalia. Mama Fadlo anasema atanikopesha, palepale kutoka kwenye pesa zangu, nimwachie bangili aliyonivisha mama mkwe siku ya harusi. Mama Jamil ana kikombe kipya. Na Mikhail ameshapiga simu kwa muuza duka wa chini kusema mafuta ya mwaka huu ni mazuri mno na wachumaji wake wanangojea malipo. Nifuate lipi, Bi Afifa? Silali. Nikisikia mtu ananunua nusu lita ya mafuta dukani machozi yananilenga.

Ni mimi, Mama Nadim.

*

Mama Nadim,

Kaa chini, na hicho kikombe kipya kamwage kwenye sinki kabla hujaendelea kusoma. Majina nimeyabadilisha. Mtaa nimeuacha, maana mwaka huu nimepata barua za vikombe kutoka mitaa mitano na kila mmoja utadhani ni wako. Mafuta nayo nimeyaacha, kwa sababu mtu hawezi kulilia sabuni vile.

Nimecheka, sikufichi. Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza. Nilipofika kwenye ule mkokoteni wa Bi Wadad ilibidi nivue miwani. Lakini kuna mahali nilikoma kucheka, nikarudi nyuma nikasoma mara mbili: "Weka wewe. Mkono wako mgumu kuliko wangu." Mwanamke wewe! Mtu anayejijua udhaifu wake amechukua kila alichonacho akakifungia kwa mtu anayemwamini kuliko anavyojiamini mwenyewe, na kufuli lenyewe likavaa miwani ya jua likaenda uwanjani. Hapo ndipo palipouma, na nadhani ndipo panapokuuma wewe, maana ungekuwa huna haya usingelala macho wazi.

Tuanze na farasi wa kwanza. Pole sana kwa kushinda. Ungeshindwa siku ile mngecheka wote wanne, Mama Jamil angekosa gesi siku mbili, na mambo yangeishia hapo. Ulishinda kwa bahati tu, farasi alikuwa na miguu mizuri na siku nzuri, na hakujua kama kuna kikombe duniani. Mimi nimekua jirani na mazizi, baba yangu aliuza majani ya farasi, na nakuhakikishia hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizia mwanamke fulani amenywea kahawa upande gani. Mama Jamil aendelee kuwatabiria wasichana wachumba. Huko akikosea hakuna anayekosa mafuta.

Kisha umeandika neno "naziazima". Uliziazima kwa nani? Pesa zile tayari zilikuwa na mwenyewe: ni za Mikhail, na kabla ya Mikhail ni za wale waliopanda ngazi kuchuma zeituni mvua ikiwapiga mgongoni. Pesa yenye kazi yake haichezewi hata mchana mmoja. Ya mafuta, ya kodi, ya ada, ya dawa, hizo usizitazame hata kwa jicho la pembeni ukiwa na karata mkononi.

Na kilichokumaliza hasa si farasi namba mbili wala namba saba. Ni ile hamu ya kurudisha. Jumapili ya pili ulipoteza nusu, ungeweza kulia, ukamwambia mumeo, ukanunua mafuta nusu. Wewe ukaifuata iliyopotea kwa iliyobaki, ukaongeza dau kwa sababu umekasirika, kisha ukaihamishia hasira yako kwenye meza ya karata ukidhani kule iko mkononi mwako. Kilichokuwa mkononi mwako ni karata alizokugawia Mama Fadlo! Sasa Bi Wadad anakushauri uendelee kufukuza mpaka mwaka mpya, na Mama Fadlo anataka kukukopesha pesa zako mwenyewe kwa rehani ya bangili. Wapende sana majirani zako, lakini ushauri wa wote watatu uutie kwenye pipa.

Fanya hivi. Leo hii, Baba Nadim akirudi kutoka dukani, usimngoje ale. Weka mezani bangili yako, umwambie kila kitu kuanzia kikombe mpaka jokari, usimruke hata bwana mnene. Kama bangili itauzwa, iuzwe na ninyi wawili kwa sonara, mchana kweupe. Isiende kulala kwenye sanduku la jirani. Na ninakuambia mapema ili usizimie: anajua. Mama Nadim, wewe umeishi na mtu anayetambua saa kwa mlio wake akiwa amegeuza mgongo, unadhani hakutambua mwendo wa mke wake kwa sababu ya miwani ya Nadim? Zile mbegu alikuletea wewe. Alikupa mlango uingie, ukamjibu habari za mguu wa mama mkubwa. Usiku huo hakukusimulia mbio zake, na wewe mwenyewe umeona supu haina ladha. Mume wako anakungoja, na kila siku unayochelewa ndiyo deni kubwa kuliko la Mikhail.

Mikhail naye apigiwe simu kabla hajapakia gari. Mwambie ninyi mwaka huu mtachukua debe moja, mtalipa mkipokea. Madebe mengine asirudi nayo Amyun, kwani anao wanunuzi palepale kwenye ngazi zako: Mama Fadlo anazo pesa, tunajua zimetoka wapi, basi na anunue mafuta, bei kamili, taslimu. Bi Wadad anunue. Mama Jamil agawane debe na jirani wa juu aliyesumbuliwa na vigelegele. Wachumaji watalipwa, na ninyi mtapika kwa kupima mpaka kiangazi. Ukiona saladi imekauka, kumbuka namba saba.

Je, uache kucheza kabisa? Kama baada ya haya bado usiku unasikia farasi wanakuita, ndiyo, acha, na mwambie mumeo akusaidie kuacha, hakuna aibu ndani yake. Lakini nimekusoma, nadhani wewe umepigwa na mafua ya bahati tu, na utapona ukikubali kufundishwa. Tena mwalimu unaye nyumbani, umemtukana miaka ishirini. Soma tena barua yako. Anakula kwanza, hachezi na njaa. Anaacha saa na pete juu ya redio, ili asije akazitazama uwanjani kwa macho ya muuzaji. Anachukua noti moja aliyokwisha kuiaga akiwa bado mlangoni. Hakopi, hata rafiki akimvuta mkono. Mfuko ukifunga duka, umefunga. Akishinda ananunua keki, mnaila, siku inaisha. Na haendi kwa kujificha, kwa sababu mchezo unaokutaka uvae kilemba na miwani umeshaacha kuwa mchezo.

Mimi hucheza karata Alhamisi. Kabla sijakaa naweka pesa zangu za jioni kwenye kisahani mbele ya kila mtu, zikiisha nasimama naenda kupika kahawa ya wenzangu. Nimekuwa maarufu sana kwa kahawa. Usiku wa mwaka mpya nawe weka kisahani, kidogo, na Jumatano mrudishe zile punje za dengu. Mama Fadlo akisema hazina utamu, mwambie apike supu.

Jambo la mwisho, halafu nakuachia ukamsubiri mumeo. Umekwenda kwenye mbio Jumapili tatu. Umeniandikia namba nne, namba mbili, namba saba, namba tano, kilemba, dirisha, jasho, tiketi. Hukuniambia farasi hata mmoja alikuwa wa rangi gani. Baba Nadim kwa noti yake moja anarudi na wa kijivu na mwekundu na kona nzima ya mwisho, ana mbio za kutosha kukuwekea mezani pamoja na chumvi na pilipili. Wewe umelipa mafuta ya mwaka mzima na hukuona farasi. Basi leo, ukishamaliza kulia, msogezee chupa ya chumvi umwombe akusimulie, na supu iache ipoe.

Bi Afifa